Baba Mkubwa Alitemea Baraka Kwenye Maiki Yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Moshi ni ndogo na upande wa mchumba wangu wote wako humu. Wakubwa shikamooni, wengine mambo.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tisa, kwetu ni Uru ila naishi Njoro, hapa mjini. Kazi yangu ni mitambo ya muziki. Ukiwa na harusi, kipaimara au msiba, unanipigia, nakuja na spika, miksa na maiki zangu. Kazi hii nimejifunza kwa fundi, na maiki yangu nzuri niliipata baada ya kuuza mtamba wa ng'ombe niliyepewa na mama. Mama alinuna, lakini alinielewa.

Nina mchumba wa Kilema, tuko pamoja mwaka wa tatu. Siku zangu za kazi nyingi amenisaidia kubeba spika. Nimeshamfungulia maiki mezani akaona mwenyewe kile kiutando cha ndani, chembamba kama ganda la kitunguu. Nikamwambia, hiki ndicho kinachosikia. Ukiipiga maiki kibao unakiumiza, ukiipuliza unakiumiza, ikiingia maji ndiyo basi tena. Akasema, "Kumbe ndiyo maana huwa unawafokea MC." Tukacheka. Naomba mkumbuke hapo, kwamba alijua.

Sasa siku ya kunitambulisha kwao, wakaniomba nije na mitambo yangu. Mnaona? Bibi harusi mtarajiwa nimevaa kitenge changu kipya, huku nahangaika na nyaya kwenye migomba. Sikulalamika, nilijua naenda kuwa mtoto wa pale.

Ikafika zamu ya baba mkubwa wa mchumba wangu. Ndiye mkubwa wa ukoo, akiongea hata kuku wananyamaza. Nikampelekea ile maiki yangu nzuri kwa mikono miwili, nikapiga goti. "Shikamoo baba mkubwa. Naomba usiigonge wala usiipulize, wewe sema tu, inakusikia."

"Marahaba mwanangu," akasema. "Mimi nimeanza kushika maiki hujazaliwa." Akaigonga, pu pu pu! Akaipuliza, fuu! Nikajisemea, mzee ni mzee.

Wachagga wenzangu mnajua mzee anavyobariki. Anapiga funda la mbege, pombe yetu ya ndizi, anakutemea kidogo, anakuombea uzao na amani. Mimi ile baraka naitaka, nilikuwa nimeshainamisha kichwa. Mzee akaangalia ule umati uliojaa mpaka mwisho wa kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, akasema, "Leo baraka hii iwafikie wote, hata wale wa kule nyuma!" Akapiga funda zito la mbege kutoka kwenye kata, akaigeukia maiki yangu, pfuuuu!

Jamani! Mbege si maji, ina ulezi ule. Spika zikakoroma, watu wakapiga vigelegele, na mzee akainua kata aongeze funda la pili.

Hapo sikufikiri. Niliruka nikaichukua mkononi mwake, nikaiinamisha kichwa chini ichuruzike, nikaanza kuifuta kwa kitenge changu. Nilipoinua macho, kihamba chote kilikuwa kinanitazama mimi. Shangazi yao mmoja akasema kwa sauti, "Ameikataa baraka ya ukoo mchana kweupe!"

Nikamtazama mchumba wangu. Yeye ndiye aliyekuwa amemjazia mzee kata. Neno moja tu lingetosha, "Baba mkubwa, hii ikilowa inakufa." Aliangalia viatu vyake.

Maiki niliifungua nikaikausha kivulini, nikatoa punje za ulezi kwenye sponji moja moja. Haikupona. Ukiongea unasikika kama umeingiza kichwa kwenye sufuria.

Wiki iliyopita mchumba akaja na ujumbe kutoka kwao. Nipeleke sale kwa baba mkubwa, nipige magoti mbele ya ukoo, na mitambo niachane nayo. "Wazee wanasema mwanamke anayenyang'anya wazee maiki hataolewa pale," akaniambia.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema wewe peleka sale tu, yaishe. Unajua mtu akiletewa sale hawezi kukataa kusamehe."

Sale ni lile jani linaloota kwenye mipaka yetu, na kwetu ndilo la kuombea radhi. Lina heshima, silichezei. Kumwomba mzee radhi kwa kumpokonya kitu mbele za watu, hilo naweza hata kesho. Mzee hakujua kwamba ikilowa inakufa. Alitaka kutubariki wote, na moyoni simchukii hata kidogo.

Lakini kazi siachi! Nimeshawaambia ndugu zangu, nimemwambia na yeye, na hapa narudia. Hii kazi ndiyo iliyonitoa kwetu na kuniweka mjini bila kumpigia mtu magoti ya kodi. Mama yangu ananiambia, "Mwanangu, shuka kidogo, ndoa ni kuvumiliana." Mama, nitavumilia ugali usio na mboga. Kuvumilia mtu anayejua ukweli halafu anaangalia viatu, hapana. Naambiwa nina kiburi. Sawa, ninacho, na Jumamosi nakipeleka kazini na ile maiki moja iliyobaki.

Masale nimeshayakata kwenye mpaka wa mama, yapo mawili ndani ya glasi dirishani. Moja ni la baba mkubwa, nitampelekea mwenyewe na shikamoo yangu. La pili nimemkatia mchumba wangu, aje alichukue aniletee mimi. Akiniletea nitamsamehe, mila hainiruhusu kukataa. Nimemwambia, ni siku ya tano leo, amesoma ujumbe na hajajibu.

Jani lake linaanza kunyauka. Nishaurini ndugu zangu, nimsubiri mpaka lini?