Kashata Mbele, Kipara Nyuma

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipofungua kifurushi mbele ya vijana wenzangu kwa madaha ya bwana harusi, na kilichotoka ndani kikawachekesha mpaka wakakaa chini. Nitakueleza kilikuwa nini. Wewe umekuja kuniuliza habari za tairi, baiskeli yako ya milima uivalishe za kukimbia au za kushika ardhi, na sisi wazee tukiulizwa jambo dogo hatuna desturi ya kujibu kwa neno moja. Kaa. Chai ipo.

Kwanza ujue ilikuwa miaka gani. Nyuma yake tulikuwa tumepita kwenye ukame wa vitu ambao ninyi mkisimuliwa mnadhani tunatia chumvi. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na tairi la baiskeli halikuonekana hata kwa dawa. Hapa Tongoni tairi likichanika tulilishona kwa uzi wa katani, maana mkonge ndiyo mali tuliyokuwa nayo. Mpira wa ndani ukifa kabisa tulijaza majani makavu tukaendelea na safari. Baiskeli ilidunda mpaka meno yakagongana, lakini samaki walifika Ngamiani, sokoni mjini. Kisha ikaja ruksa. Wafanyabiashara wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na tukasikia kwamba mjini kuna duka limetundika tairi mpya mpaka nje kwenye baraza, na mtu anachagua aitakayo. Neno kuchagua tulikuwa tumelisahau, mwanangu. Nakwambia watu walikuwa wanakwenda kuzitazama tu na kurudi nyumbani wamefurahi.

Zilikuwa za aina mbili. Moja laini, ina vijistari vyembamba tu, tairi la lami hasa, na vijana wa mjini wakaliita kipara. La pili lilikuwa na vinundu vya mraba vilivyopangana kama kashata kwenye sinia, na mafundi hawakuhangaika kutafuta jina jingine. Wakaliita kashata.

Mimi nilikuwa mchuuzi wa samaki, na kwa kusema kweli nilikuwa kijana hodari, usicheke. Lakini baiskeli haikuwa yangu. Ilikuwa ya marehemu baba, nikiitumia kwa zamu na kaka yangu Omari. Sasa Omari akaposa kijiji cha Mwera, akakubaliwa, na ikawa ataoa na kuhamia hukohuko kwa wakweze kulima. Baiskeli angekwenda nayo. Yeye ndiye mkubwa na ndiye aliyeitunza, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Ila mchuuzi wa samaki asiye na baiskeli ni mtu aliyesimama pwani anatazama samaki wakioza. Kilichokuwa kinanisubiri ni kukata mkonge. Nilishaukata msimu mmoja, na kovu la mwiba wake bado liko hapa kwenye kiganja. Nilikuwa tayari kufanya lolote nisirudi kule, na mama alikuwa ananitegemea mimi kwa kitoweo na kwa nguo.

Basi yule mwenye duka la tairi, ili jina lake lienee, akatangaza mashindano. Baiskeli zitoke Ngamiani, zipite Tongoni, zishike njia ya mashamba ya mkonge mpaka Mwera, na wa kwanza apewe baiskeli mpya. Omari aliposikia akaniita.

"Mdogo wangu," akasema, "kashindane na hii ya baba. Ukishinda, kila mtu ana yake. Ukishindwa, hii inabaki na mie Mwera, tusije tukalaumiana."

Nikamshukuru, na nikaanza kufikiria tairi. Njia ile naijua, nikasema, ina mchanga na ina udongo mwekundu, kwa hiyo nataka kashata mbele na kashata nyuma, basi. Kwa vile sikuwa na nafasi ya kwenda mjini siku hiyo, nikamtuma rafiki yangu Chande, mchuuzi mwenzangu, apite kwa shangazi yangu, Bi Mwanakombo, aliyekaa mtaa uleule wa duka. Nikampa na samaki wazuri wa kulipia. "Mwambie Shangazi aninunulie kashata pea moja, kubwa, ya mbele na ya nyuma." Chande akaona hayo ya mbele na nyuma ni maneno ya ziada, akayaacha njiani.

Sasa ujue kazi ya Shangazi. Alikuwa akipika kashata za nazi na kuziuza barazani kwake tangu mimi sijazaliwa. Kusikia kwamba mpwa wake amemtuma akamnunulie kashata dukani lilikuwa tusi ambalo hajapata kutukanwa. Kile kifurushi nilichokifungua kwa madaha kilikuwa na kashata mbili, kila moja kubwa kama sahani, zinanukia iliki. Na ujumbe wake Chande aliufikisha bila kupunguza hata neno: "Za kununua za nini, na mie nipo?"

Vijana walicheka, nami nikacheka ingawa moyoni nilikuwa naungua. Moja tuliila palepale. Ilikuwa tamu, sitasema uongo.

Kesho yake nikaenda mjini mwenyewe. Vijana wa Muheza walikuwa wamenitangulia na kulifagia duka. Vipara vilikuwepo tele, kashata imebaki moja peke yake, inaning'inia msumarini. Nikaitazama, nikaiacha. Moja ya nini? Nikaenda zangu kwa Shangazi nimenuna.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekunjika hivyo? Kashata zangu hazikukolea?"

Nikamweleza yote, na yeye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ukingo wa kanga. Alipomaliza nikamwambia kwamba siendi tena kwenye mashindano. Ama nipate zote mbili, ama niache. Hapo kicheko kikaisha. Shangazi yangu alikuwa mtu wa masihara, lakini uvivu wa moyo hakuuvumilia.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema. "Nipe bakora yangu."

Goti lake moja lilikuwa bovu. Nikampa bakora, akainuka, akaanza kushuka vidaraja vya baraza polepole, na mimi nikasimama kando nikiogopa asianguke.

"Waniona?"

"Nakuona washuka."

"Bakora i wapi?"

"I mbele, Shangazi."

"Ungeniona naiburura nyuma ungesemaje?"

"Ningesema Shangazi kachanganyikiwa."

"Basi nawe usichanganyikiwe. Kishikacho hutangulia, kisukumacho hufuata. Mguu wa nyuma ukiteleza mtu hupepesuka tu, watu wakamwambia pole. Wa mbele ukiteleza huyo chini. Hebu nenda kaitwae hiyo moja kabla hajapita mwenye akili. Na nyuma funga hicho kipara chako, uende mbio. Wataka vyote viwili kwa tairi za namna moja? Mtaka yote hukosa yote, mwanangu we."

Mimi ni mbishi, mama yako atakwambia. Lakini neno lile liliniingia, kwa sababu nilikuwa nimeliona kwa macho yangu likishuka vidaraja. Nikarudi dukani karibu nakimbia. Kashata nikaifunga mbele, kipara nikakifunga nyuma, na kila aliyeiona baiskeli yangu aliniuliza kama nimeishiwa.

Siku ya mashindano Ngamiani ilijaa. Walikuwepo wawili wa kuogopwa. Mmoja Seif, kijana wa mjini, vipara vitupu, baiskeli imesuguliwa mpaka inang'aa. Wa pili Samweli, Mbondei mwenye mapaja kama magogo, baba yake mfanyakazi wa shamba la mkonge kule Muheza. Huyu alikuwa na kashata mbele na nyuma, na akazitazama tairi zangu kwa huruma.

"Kaka, hiyo ya nyuma vipi?"

"Imenyoa," nikamjibu.

Tulipoachiwa, lami ilikuwa ya Seif. Alituacha kama tumesimama. Kashata za Samweli zilinguruma barabarani kama kinu cha kusagia, na kila mngurumo ule ni nguvu za mtu zinazopotea bure. Mimi nilikuwa katikati yao, sikimbii sana, sichoki sana. Nikajikumbusha kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sakafu yenyewe ilikuwa inakwisha karibu tu.

Kwenye mchanga wa Tongoni nikasimama kidogo, nikapunguza upepo wa tairi la mbele kwa kidole. Watu wa kwetu waliokuwa njiani wakapiga kelele wakidhani nimepata pancha. Hawakujua kwamba tairi gumu huchimba mchanga kama jembe, na lililolegea kidogo hupita juu yake. Hilo nilijifunza mwenyewe kwa kubeba matenga ya samaki, sikufundishwa na mtu. Nikapita mchanga nimekaa juu ya kiti wakati wengine wanasukuma, na kijiji changu kizima kinanitazama. Raha niliyoisikia pale siwezi kukueleza.

Tukaingia mashamba ya mkonge. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia na ule udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni. Seif bado alikuwa mbele. Penye mteremko wa kwanza wenye kona, nikamwona anakata usukani na baiskeli inakataa, inakwenda moja kwa moja, na yeye nayo, hadi ndani ya mkonge. Nikapita nikampa pole, naye akaniambia niende tu, hajavunjika kitu. Mimi kona ileile niliikata. Nyuma kulipepesuka kweli, kukaenda huku na kule, lakini mbele kulishika. Kuteleza si kuanguka, mwanangu, na siku ile ndipo nilipojua waliosema hivyo walikuwa na maana gani.

Ukabaki mlima wa mwisho kabla ya Mwera, na nyuma nikasikia Samweli anakuja. Matope yalikuwa chakula chake. Nikikanyaga pedeli, kipara changu kinazunguka palepale na kunirushia tope mgongoni. Samweli akanipita, hana hata haja ya kunitazama. Nikauona mkonge pande zote mbili za njia na nikaona maisha yangu yote yamo humo.

Kisha nikajiuliza, mbona na tenga la samaki mlima napanda? Jibu lilikuwa nyuma yangu. Uzito wa tenga hulikandamiza tairi likashika. Nami siku ile sikuwa na tenga, ila nilikuwa na makalio. Nikateremka kwenye kiti, nikakaa juu ya keria kama abiria wa baiskeli yangu mwenyewe, mikono imenyooka, magoti yananifika kifuani. Sura yangu ilikuwa kichekesho, lakini tairi likauma. Nikapanda. Samweli alifika kileleni kwanza, na mimi nikafika nikiwa bado namwona.

Upande wa pili ni mteremko, kisha njia tambarare iliyokauka kwa jua mpaka uwanja wa shule. Mteremko niliuachia, mkono mbali na breki, kwa sababu nililiamini tairi la mbele kama ninavyomwamini mama. Na tulipofika tambarare nikausikia tena ule mngurumo wa kinu. Kashata mbili za Samweli zilikuwa zinamla miguu tangu Ngamiani, na sasa hakuwa na tope la kutafuna. Kipara changu kikaanza kuteleza kwa maana nyingine kabisa. Nikamfikia, tukaenda bega kwa bega, akanitazama, nami kwa uhuni wa ujana nikampungia mkono. Nikampita mbele ya watu wote wa Mwera.

Vigelegele vile bado navisikia. Omari alinibeba mabegani na nguo zake za kutokea zikajaa tope. Samweli akaja, akanipa mkono, akainama akaligusa tairi langu la nyuma.

"Hii ndo imeniua," akasema. Alikuwa muungwana, na tulifanya biashara pamoja miaka mingi baadaye.

Mama alikuwa hapo, amekuja kwa mambo ya harusi. Nilipokabidhiwa baiskeli mpya aliishika usukani, akaishika siti, akaishika tena usukani. Maisha yake yote alikuwa amekwenda kwa miguu, kichwani mzigo. Nikamwambia, "Mama, panda." Akapanda nyuma, ubavu ubavu, kanga amejifunga vizuri, na nikamzungusha uwanja ule mzima huku wakwe wa Omari wakipiga makofi. Alikuwa analia na kucheka, na mimi vilevile. Mkonge sikuukata tena.

Sasa nakujibu. Usichague tairi kwa kutazama pale njia inapoanza, maana pale ndipo watu wanapokutazama, na kila mtu hupenda aonekane ana mbio. Chagua kwa kupafikiria pale itakapokuwa mbaya kuliko pote. La mbele liwe la kushika, kwa sababu ndilo linalokuongoza na ndilo likikutupa hukutupa kweli. La nyuma liruhusu likimbie, lisiwe na vinundu kupita haja ya njia yako. Upepo uupime kwa ardhi, usiupime kwa sifa. Na usimsikilize atakayekwambia kwamba ukitaka usalama sharti uache mwendo, au ukitaka mwendo sharti uache usalama. Huyo hajapata kuchagua.

Na maisha uyaendeshe hivyohivyo. Dini yako, adabu yako, neno ulilomwahidi mtu, hayo yatangulie na yashike. Ujana wako na tamaa zako ziwe nyuma zikusukume, tena zisukume kwa nguvu, mimi si mzee wa kumkataza kijana kukimbia. Na pale zitakapokurusharusha usitaharuki, maadamu mbele hujaachia.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe miguu isiyochoka na macho yanayoiona kona kabla haijafika. Akufikishe kila uendako ukiwa wa kwanza, na ukifika, akukutanishe na mtu wako mmoja wa kumpakia nyuma. Amin.