Mashine Inayokausha Chochote

Mvua za mwaka ule zilikuwa hazikatiki, na nguo za wapangaji wetu pale Mpanda hazikauki. Baba akaenda na Mama kwa fundi redio, aliyekuwa na mashine mbili za kufulia za mtumba. Baba akaipenda ile inayong'aa. Mama akamkatalia: "Hilo pambo! Chukua hii, inafua na kukausha."

Jioni umeme ulipowaka, Mama aliwaita wapangaji akajigamba kwamba inakausha chochote. Mpangaji mmoja, muuza dagaa, mzigo wake ulikuwa umelowa njiani kutoka Ikola. Akamwamini, akautia wote mashineni.

Kesho yake tukafulia humo humo nguo za kanisani. Mama, mbishi yule, akasema harufu itaisha tukishavaa.

Jumapili paka wa mtaa mzima walitusindikiza ibadani.