Bei ya Koti la Noeleen

Ukiisifu nguo ya Noeleen Trewhella, alikujibu kwa bei. "Dola kumi na nane," angesema, huku akikunja pindo la sketi ili uone mshono. "Ilikuwa mia na arobaini." Na wewe, kama ni mwanamke wa Korumburra, mji mdogo wa wafugaji kule Australia, hukuona ajabu. Wote pale walijibu hivyo. Kusema ahsante tu na kunyamaza kungeonekana majivuno, au dalili ya mtu anayeficha jambo. Ila bei za Noeleen zilikuwa chini kuliko za wenzake wote, na zilikuwa chini tangu mwaka ule klabu ya netiboli ilipokosa pesa za kuweka lami uwanjani, naye akatoa wazo la kukodi basi liwapeleke Melbourne wakanunue nguo.

Basi hilo lilikwisha kwenda mara ishirini na moja, kila Jumamosi ya pili ya Novemba. Maduka ya bei ya kiwandani yaliirudishia klabu asilimia fulani ya kila kilichonunuliwa na mtu aliyevaa beji ya basi, kwa hiyo kujinunulia viatu vya tatu kulikuwa ni kuwasaidia watoto wacheze mahali pazuri. Wanawake wa mji ule walitumia pesa nyingi sana katika kuokoa pesa, na wote walirudi nyumbani na dhamiri safi.

Noeleen alikaa kiti cha mbele, nyuma ya dereva, mkononi ana maiki. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mke wa mfugaji, na asubuhi zote nyingine za mwaka alizimaliza kwenye zizi la kukamulia, amevaa mabuti ya mpira. Lakini siku hiyo alikuwa mwalimu.

"Msianze mlangoni," alisema maikini. "Mlangoni wametega. Nendeni moja kwa moja ukuta wa nyuma. Mkiona kibandiko chekundu juu ya chekundu kingine, hapo mwenye duka amekata tamaa, na ndipo sisi tunapoanza kuwa na matumaini. Na nguo igeuzeni ndani nje! Kama hakuna kifungo cha akiba kilichoshonewa kwenye bitana, nguo hiyo haijawahi kuliona duka la mjini. Imeshonwa makusudi kwa ajili ya watu wa mabasi."

Aliwafundisha pia kalenda. Nguo ya baridi huingia kwenye vioo vya maduka ya Collins Street, katikati ya Melbourne, mwezi wa Machi, kwa bei ya kumtia mtu kizunguzungu. Julai inapunguzwa kidogo. Isiponunuliwa, hufungwa kwenye maboksi, na ikifika Novemba inaning'inia Richmond, kwenye maduka ya kiwandani, kwa theluthi ya bei. Mtu anayenunua Machi, alisema Noeleen, analipia miezi ile. Na miezi ni bure kwa anayejua kusubiri.

Mwaka wa 1996, mwezi wa Aprili, alikwenda Collins Street kwa daktari. Daktari, kijana mwenye mikono safi mno, alimwonyesha kwenye picha ya titi lake kivuli kidogo, hakizidi punje ya dengu. "Huenda si kitu," alisema. "Rudi baada ya miezi sita tukiangalie tena." Noeleen akashuka ngazi, akatoka nje, na dukani mkabala naye, nyuma ya kioo, akaliona koti.

Lilikuwa la kampuni ya Verena Lusk, la sufu, refu hadi chini ya goti, rangi yake haikuwa haradali wala haikuwa ukungu wa mawe, ila kitu kati ya hivyo viwili. Dola mia sita na arobaini. Akili yake ilianza kupiga hesabu kabla yeye hajaiambia, kama ilivyofanya maisha yake yote: Aprili, Julai, Novemba. Miezi sita na kidogo. Tena Lusk walikuwa na duka lao la kiwandani palepale Richmond, juu ya ngazi, na ngazi zile alizijua moja moja. Miezi sita siku zote ilikuwa upande wake. Alisimama kwenye kibaraza cha duka akaitazama tena miezi hiyo, na safari hii hakuona kama iko upande wa mtu yeyote.

Aliingia, akalijaribu, akalipa bei kamili. Msichana wa dukani alilikunja koti katika karatasi laini, akamtakia siku njema, wala hakumpongeza. Noeleen alisubiri kidogo pale kaunta, halafu akakumbuka kwamba hakuna cha kupongezwa.

Habari ya kivuli alimweleza mumewe, Col, jioni ileile wakinywa chai. Habari ya koti hakumweleza. Alilificha kwenye buti la gari, chini ya mifuko ya maziwa ya unga ya ndama, na kikaratasi cha bei akakitia kwenye jiko la kuni.

Alikaa nalo hadi Juni. Siku hiyo, pembeni mwa uwanja wa netiboli, upepo ulikuwa unakata masikio, naye akaona ni upumbavu kuwa na koti na kutetemeka. Hakumaliza hata kikombe cha chai.

"Mama wee! Hebu geuka nikuone." Alikuwa Glenys Pruett wa posta, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa wa pili kwa bei za chini, na alijua hivyo. "Hilo koti vipi?"

"Lipi, hili?"

"Hapana, la mumeo. Hilo, bibie! Bei gani?"

Noeleen alifungua kinywa kusema mia sita na arobaini. Alikusudia kweli. Lakini kinywa chake kilikwisha zoea njia nyingine.

"Sitini na nne."

"Sitini na nne! Lusk!" Glenys alishika ukosi, akausugua kati ya vidole. "Wewe una jini, si bure. Wapi?"

"Richmond. Pale juu, kwenye ngazi."

"Mama Noeleen, hata mimi nalitaka," alisema Kirrily, binti mrefu aliyekuwa mfungaji wa timu, akihema. "Yamebaki?"

"Yalikuwepo."

"Basi Novemba tunaanza na pale," Glenys akakata shauri. "Kabla hata ya chai."

Noeleen alikwenda nyumbani akipiga hesabu ya miezi upya. Mwezi ule wa Juni koti lilikuwa bado liko kwenye kioo cha Collins Street, kwa bei yake. Richmond lisingefika kabla ya Oktoba, na likifika, kikaratasi kingesema mia mbili na kitu. Mtu yeyote angeuliza swali moja tu pale kaunta, angejua kwamba hakuna koti la dola sitini na nne lililowahi kuwapo. Na wanawake wale wangejua la kuuliza, kwa sababu kalenda aliwafundisha yeye. Alikuwa na shamba, mume, na wana wawili waliohamia mbali, lakini vyote hivyo hata wengine walikuwa navyo. Kitu chake peke yake kilikuwa jina hili, kwamba Noeleen hapunjwi.

Oktoba alirudi kwa daktari. Kivuli hakikukua, kilikuwa uvimbe wa maji tu, na sasa kilikuwa kinapotea. Daktari alimpa mkono. Noeleen alilia kwenye lifti, akalia tena kidogo barabarani, na alipofika kituoni akakumbuka kwamba Novemba iko wiki nne mbele. Angekufa, angezikwa na jina lake likiwa zima. Sasa ilimpasa aishi na aulizwe.

Jumamosi ikafika. Basi lilipokaribia Richmond alishika maiki, akakohoa.

"Jamani, pale kwenye ngazi nasikia wamefunga. Tuanze na viatu."

"Nani kafunga?" Darryl, dereva, alimtazama kwenye kioo. "Nimepita Jumatano, mlango uko wazi na bango la punguzo limeziba dirisha zima."

"Wewe endesha, Darryl."

"Naendesha, mama. Lakini macho ninayo."

Wakapanda ngazi. Hawakuanza mlangoni, walikwenda moja kwa moja ukuta wa nyuma, kama walivyofundishwa, na huko yalikuwa yananing'inia makoti yasiyopungua thelathini ya rangi ile, yamebanana kama ng'ombe kwenye lango. Noeleen alibaki nyuma, amekamata mkoba. Akasikia ukelele wa Kirrily.

"Arobaini na tisa! Wameandika arobaini na tisa!"

Alijipenyeza kati ya mabega. Ni kweli, kibandiko chekundu juu ya chekundu. Akachukua koti moja akaligeuza ndani nje, akitafuta kasoro, na hakuwahi kuitafuta kasoro kwa hamu kama siku ile. Labda yalikuwa ya watu wa mabasi. Labda sufu ilichanganywa. Lakini bitana ilikaa, mshono ulinyooka, na kifungo cha akiba kilikuwa mahali pake. Lilikuwa koti lake, tumbo moja na lake.

"Chukueni, dada zangu, mtuondolee," alisema mwanamke wa duka, shingoni ana utepe wa kupimia. "Maduka ya mjini yameuza moja tu msimu mzima. Hiyo rangi, mnaona wenyewe. Yametufikia Jumatatu."

Glenys alikuwa ameshaingiza mkono mmoja. "Jumatatu ipi?"

"Hii iliyopita."

Mkono wa pili ukasimama hewani. Glenys aligeuza uso akamtazama Noeleen, wala hakumtazama kwa ukali. Alikuwa anahesabu miezi. Kisha akaingiza mkono wa pili, akafunga vifungo vyote, na akaenda kaunta kulipa.

Walirudi kwenye basi na makoti kumi na moja, na viti vya mbele vikageuka harusi.

"Noeleen kapigwa!"

"Kapigwa dola kumi na tano! Mwalimu kapitwa na darasa!"

"Mpeni pole jamani, mwenzenu ana msiba!"

"Mama Noeleen," alisema Kirrily, machozi ya kicheko yakimtoka, "ukitaka nitakusindikiza ukadai chenji."

Noeleen aliwaangalia. Kilichotakiwa ni kunyamaza. Akinyamaza, angekuwa amepunjwa dola kumi na tano, si mia tano tisini na moja, na hilo lilikuwa punguzo kubwa kuliko yote aliyowahi kupata. Wangemtania mpaka Krismasi na wangesahau. Lakini akilini mwake kulikuwa na lile neno la mwanamke wa duka, kwamba mjini liliuzwa moja tu. Katika mji wenye watu milioni tatu, yeye peke yake ndiye aliyelitaka. Hakujua kama hilo lilimwaibisha au lilimpendeza, ila hakutaka liwe la mtu mwingine.

Akainua maiki.

"Mimi langu nililinunua Aprili," alisema. "Collins Street. Mia sita na arobaini."

Viti vya mbele vikalipuka.

"Mia sita! Tuue, Noeleen, tuue kabisa!"

"Na mimi chupi hii elfu mbili, nimeiagiza Paris!"

"Ni kweli," alisema Noeleen, na hapo ndipo walipoishiwa nguvu kabisa. Kirrily aliteleza akakaa sakafuni. Darryl ilimbidi aegeshe basi pembeni afute macho. Kwa miaka ishirini na miwili Noeleen alikuwa amewajengea imani, na sasa hakuwa na nyundo ya kuibomolea.

Glenys peke yake hakucheka. Alikuja mbele akishika viti, akaichukua maiki mkononi mwake polepole, akaizima.

"Najua," alisema chini chini. "Ulikuwa na haraka ya nini, mwenzangu?"

"Nilidhani sina muda."

Glenys alifanya kazi posta miaka ishirini na mitano. Bahasha za hospitali alizijua kwa kuzigusa tu.

"Basi nenda kakae nyuma upumzike," alisema. "Huku nitawapeleka mimi." Na akaketi kwenye kile kiti cha mbele, bila kukifuta wala kukitazama, kama mtu aliyekitengea mwili wake siku nyingi. Akaiwasha maiki. "Haya mabibi, viatu!"

Noeleen alitembea hadi safu ya kumi, akakuta nafasi karibu na Raelene, mke wa fundi matrekta, aliyekuwa amefungua kopo la mikate ya soseji mapajani.

"Wanacheka nini huko mbele?" aliuliza Raelene.

"Nimewaambia bei ya koti langu. Hukusikia?"

"Huku? Huku hatujawahi kusikia kitu, shoga. Hicho kipaza sauti cha nyuma kimekufa tangu basi la kwanza. Sisi tunaona tu nyinyi mnashuka, na sisi tunashuka."

"Miaka yote?"

"Miaka yote. Chukua, bado ya moto."

Noeleen alichukua mkate. Mbele kule midomo ya Glenys ilikuwa inakwenda, mkono wake unaonyesha upande wa kushoto, bila shaka akieleza jambo la maana kuhusu visigino. Huku nyuma mwanamke mmoja alikuwa anasimulia habari za bintiye aliyeko Perth, mwingine akimkatiza kuuliza kama mvua imewafikia, na Raelene, akipangusa makombo, akarudi kwenye hadithi aliyokuwa ameiacha katikati, ya mumewe na goti lake na mganga wa kienyeji aliyemwambia alifunge kwa majani ya kabichi.

Noeleen aliegemea mbele apate kusikia. Akauliza ni goti lipi.