Sufuria Iliyokwenda Matangani

Ndugu yangu mdogo anayefanya kazi Afrika Kusini alikataa katakata kutuma pesa kwa njia za kawaida. Makato yanazila njiani, alisema, zikifika Kisangani zimekonda. Akaniongoza kufungua pochi ya kripto kwenye simu yangu, mimi fundi cherehani ambaye hata redio naiwasha kwa kuipiga kofi. Pesa alizokuwa akiingiza humo zilikuwa na kazi moja tu: macho ya papa, baba yetu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Mzee huyo alikuwa karani huko Yangambi, mtu wa kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hata maandishi ya kwenye gunia la chumvi. Sasa alikaa barazani akiuliza ni nani anayepita.

Siku tuliyofungua pochi, ndugu yangu alinihubiria mpaka sikio likapata moto. Simu ikiharibika, alisema, pesa hazifi nayo. Mlango wake ni haya maneno kumi na mawili ya Kiingereza unayoyaona. Ukiwa nayo, unaifungua pochi kwenye simu yoyote. Mwingine akiyapata, anaifungua yeye. Usiyapige picha, usiyatume kwa mtu, hata mimi usinitumie. Karatasi? Nyumba yetu ina mchwa na paa linalovuja, karatasi kwetu haifikii uzee. Akaniambia basi nihifadhi herufi nne za mwanzo za kila neno, zinatosha, pochi yenyewe inajua zinazobaki.

Nikafanya jambo ambalo kila mwanamke wa mtaa wetu analijua. Sisi hutia alama sufuria zetu kwa msumari na nyundo, chini kwenye kitako, ili zikiazimwa zisipotee. Nikachukua sufuria kubwa kuliko zote, ambayo nyumbani haikupikiwa chochote, nikajifungia chumbani, nikagonga herufi zile nukta kwa nukta, mstari kwa mstari. Mchwa aje ale sufuria, tuone! Nilijiona mwerevu kupita kiasi. Sikumwambia mtu yeyote, si mama, si papa.

Juma ambalo daktari wa macho alipita mjini, nilipanda toleka, ile baiskeli yetu ya abiria, kwenda kwa mtu wa sokoni anayebadilisha pesa za aina hiyo. Kwenye shimo la kwanza simu ilinichomoka mkononi, na lori la bia likapita juu yake. Watu walinihurumia. Mimi nilicheka, naapa nilicheka. Nikanunua simu nyingine ya bei ndogo, nikarudi nyumbani, nikaingia jikoni na kutazama ukutani. Msumari wa kutundikia sufuria ulikuwa peke yake.

“Mama, ile sufuria mukubwa iko wapi?”

“Iko ku matanga, ku Simi-Simi. Ba mama ba paroisse balikuya kuikamata asubui. Wee uko na fête gani leo, unapikia nani?”

Akina mama wa parokia walikuwa wamenitangulia. Sufuria kubwa isiyopikiwa nyumbani ni sufuria ya matanga, hiyo ndiyo kazi yake tangu zamani. Na siri niliyowaficha wezi nilikuwa nimemficha pia mtu pekee ambaye angeweza kukataa kuiazimisha.

Huko Simi-Simi nilikuta sufuria zimepangwa motoni nyuma ya nyumba ya msiba, zote kubwa, zote nyeusi, zote zinafanana. Nikachuchumaa kuchungulia chini ya mojawapo, moshi ukanijaa machoni. Mama mmoja mpishi akanisimamia, mwiko mkononi.

“Maman, unatafuta nini chini ya sufuria ya batu? Madesu haiyaiva. Ikala pale, lia na benzako.”

Nikayaacha maharagwe yao, nikaenda kuketi, na nikalia kweli. Sikumjua marehemu. Nilimlilia papa, kwa sababu daktari angeondoka, na ndugu yangu aliyejinyima huko ugenini ningemwambia nini? Kwamba pesa ziko chini ya maharagwe? Na kama moto umekula zile nukta? Binti wa marehemu akanikumbatia, akanishukuru kwa kumpenda baba yake. Aibu ilinishika, lakini nilimkumbatia vizuri.

Watu walipokwisha kula nilisema nitaosha sufuria mimi. Wapishi walinitazama kama malaika. Kazi hiyo hakuna anayeiomba. Nikasugua kwa mchanga na majivu, kitako baada ya kitako, alama za wanawake wengine zikitokeza: msalaba, nyota, jina la mtoto. Halafu chini ya masizi ikatokea herufi, ikafuata nyingine, mpaka mistari yote ikatimia. Niliikumbatia sufuria ile ingali inachuruzika maji. Nilipumua mpaka tumboni.

Usiku huohuo pochi ilifunguka kwenye simu mpya, pesa zimetulia mule kana kwamba hakuna aliyezihangaikia. Papa alipasuliwa jicho la kwanza, kisha la pili. Ndugu yangu alipomaliza kunicheka, alinifungulisha pochi nyingine yenye maneno mapya, nikahamishia humo kilichobaki, maana yale ya zamani yalikuwa yamekwisha kuhudhuria msiba. Mapya yako wapi sisemi. Ila safari hii mama anajua kwamba kuna kitu asichopaswa kumwazima mtu.

Bandeji zilipotoka, papa alizunguka uani akisoma: gunia la chumvi, sabuni, kalenda ya parokia. Kisha akaiona sufuria imelazwa kifudifudi ikikauka. Akaiinua, akainyoosha mbali kwa mikono miwili, akafumba jicho moja kama alivyofundishwa kwa daktari, akaanza kutaja herufi kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimzuie. Nikakumbuka pochi ile ni tupu. Nikaweka mkasi chini, nikasikiliza. Alifika mstari wa mwisho bila kukosea hata herufi moja. Kisha akalifumbua jicho lile, akafumba la pili, akaanza upya.