Kiti cha Pweza cha Kambarage

Mama yangu alizaliwa Pangani, akaletwa Shinyanga akiwa bibi harusi, na kwa miaka mingi sasa magoti hayajamruhusu kuiona tena bahari. Nilipokwenda Pangani kumzika mama mdogo, niliapa sitarudi na khanga na halua tu. Nitamletea kitu kilicho hai. Nami nikishaamua jambo sisikii la mtu.

Baada ya matanga, maji yalipokupwa, nilikunja gauni nikashuka mwambani na ndoo, binamu zangu wakinicheka nilivyokuwa nateleza. Niliokota kaa wadogo watatu, wale wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, na kiti cha pweza kimoja chenye mikono mitano, chekundu, upana wa kiganja changu. Kilikuwa kimeng'ang'ania jiwe hata nikaogopa kukichana. Nikajaza na madumu mawili ya maji ya bahari.

Kila basi liliposimama tuchimbe dawa, abiria wenzangu walikimbilia vichakani, mimi nikabaki nachota maji ya ndoo kwa kikombe na kuyamwaga humo humo ili yapate hewa. Kondakta alisema amebeba mengi katika maisha yake, lakini abiria wa namna yangu hajawahi. Niliendelea kuchota. Tulifika Kambarage, mtaani kwetu Shinyanga, wote wazima, mimi na wanyama wangu.

Fundi wa madirisha alinitengenezea tangi la kioo, nikaliweka kando ya kitanda cha Mama pamoja na kipampu cha kupulizia hewa. Mama alikitazama kiti cha pweza kikipanda kioo taratibu, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanyoosha mkono.

"Niwekee kiganjani, mwanangu. Mara moja tu."

Nilikataa. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya nyonyo tunayomkandia magoti, na niliogopa yangechafua maji. Nikamwambia asubiri kwanza kizoee.

Jua la Shinyanga halina huruma. Kila baada ya siku mbili maji ya tangi yalikuwa yamepungua vidole viwili, nami nikaongeza maji ya kisima na konzi ya chumvi. Nilijiona nina akili. Bahari ni maji na chumvi, kwa hiyo kikipungua kimoja, narudisha vyote viwili.

Baada ya wiki moja kiti cha pweza kikaacha kutembea. Jirani yangu, Msukuma wa Didia anayepita kila asubuhi na salamu yake ya "mwangaluka", alikichungulia, akauliza kama kinaliwa na ugali, kisha akaniletea chumvi ya mawe ya ng'ombe wao. Wala sikumshangaa. Huku kwetu mnyama akizubaa, kitu cha kwanza ni chumvi. Nikaiyeyusha nusu yake, nikaimimina.

Kaa wawili walikufa siku moja. Mama aliponiuliza waliko, nilimdanganya kwamba wamejificha. Akaomba tena kukishika kiti chake cha pweza, nami kwa hofu nikamfokea.

"Unataka kukiua, Mama?"

Aligeukia ukutani. Mimi na mdomo wangu sikuomba radhi.

Kaa wa tatu alipokufa nilimpigia simu binamu yangu wa Pangani. Alinisikiliza akicheka, halafu kicheko kikakatika. Akaniuliza kama sikuyaona mashamba ya chumvi kule kwao, yale mabwawa ambayo maji yake huachwa juani yakauke. Maji ndiyo yanayoondoka, akasema, chumvi haiendi kokote. Niliyaona, tena nikayapiga picha. Kumbe nimerudi nyumbani nikatengeneza shamba la chumvi kando ya kitanda cha mama yangu.

Nilichota maji ya tangi, nikaongeza ya kisima matupu, bila chumvi, nikachota tena. Sikujua ni kiasi gani, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza Shinyanga nzima. Mikono ya kiti cha pweza ililegea, ncha ya mmoja ikaanza kumumunyuka. Nilikaa sakafuni nikaangalia. Sijawahi kujiona sina la kufanya kiasi kile, hata kwa wagonjwa wa kweli, maana hao angalau ningewapeleka hospitali.

Mchana wa siku iliyofuata nilikitoa. Sikumfuta Mama mafuta ya nyonyo. Nilimwekea kiganjani, naye akakifunika kwa mkono wa pili, akafumba macho. 

"Kinatembea," akasema.

Nilitazama. Hakikuwa kinatembea. Vidole vya Mama vina ganzi tangu mwaka jana, na mpaka leo sijui kama ganzi ndiyo iliyomdanganya au yeye ndiye aliyenionea huruma. Nilimwambia ndiyo Mama, kinatembea, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.