Tairi Lililokuwa Bubu

Jambo la kwanza unaloligundua kwa Bi Tairi ni kwamba macho yake hayaanzi kwa watu, huanza kwenye matairi. Gari likiegeshwa mbele ya ofisi, yeye huinama kutazama jinsi mpira ulivyolika ukingoni, hutikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa kwa kuchelewa, ndipo hukumbuka kumsalimu mwenye gari. Mama yake aliwaambia majirani kwamba binti yuko kwenye kazi ya matairi, na tangu hapo hapiti mtaani bila kuulizwa bei.

"Mama, mimi siuzi matairi. Natengeneza tairi la kwenye kompyuta."

"Si yale yale? Hebu mpunguzie jirani yetu kidogo."

Kampuni yao ina chumba kimoja kirefu juu ya duka la taa, na humo wanatengeneza mchezo wa mashindano ya magari. Wenzake walichora barabara na miti, wengine wakarekodi ngurumo za injini. Bi Tairi alikabidhiwa sehemu ambayo hakuna anayeiona: pale mpira unapogusana na lami, eneo dogo kama kiganja cha mtu. Tairi la zamani la mchezo lilijua mambo mawili tu, kushika na kuteleza, kama kipande cha sabuni. La kwake lilipata joto, lililika, lilibonyea gari lilipoegemea upande mmoja kwenye kona. Alikuwa amelilea miaka miwili, na aliamini kila namba yake inakubaliana na vipimo vya tairi halisi.

Lakini maonyesho ya michezo ya kompyuta yalikuwa yamekaribia, na bosi wake hakuzungusha maneno.

"Ijumaa anakuja Mama Kona kulijaribu. Akisema gari haliendesheki, tunarudisha tairi la zamani, na hili lako tunalizika. Sawa?"

"Sawa, bosi," alijibu.

Mama Kona aliendesha magari ya mashindano hadi nywele zikaanza kuwa nyeupe, na jina hilo alipewa kwa jinsi alivyozipita kona akicheka. Ijumaa ilipofika, aliketi kwenye kiti cha mchezo, akashika usukani, akaondoka kwa kishindo. Kona za mwanzo alizipita vizuri. Ile iliyofuata ikamtupa msituni. Akarudia. Akatupwa tena.

"Angalau miti uliyoigonga ni mizuri," alisema mchoraji wa miti, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mama Kona hakucheka. Alimgeukia Bi Tairi. "Mwanangu, gari lako ni bubu."

"Bubu kivipi, mama?"

"Lingeniambia kwamba linachoka, ningelisaidia. Hili limenyamaza tu. Likija kufungua mdomo, mimi nishafika mtaroni."

Bosi alishusha pumzi. "Basi tumeshapata jibu."

"Jibu gani? Ngoja kwanza," alisema Mama Kona. "Huyu mtoto amewahi kuteleza?"

"Kuteleza wapi?" aliuliza Bi Tairi.

"Kwenye gari, mwanangu. Gari la chuma."

Hakuwahi. Leseni alikuwa nayo, lakini aliendesha kwa uangalifu mno, hata waendesha baiskeli walimpita huku wakimpungia mkono. Mama Kona alimwomba bosi asubiri hadi Jumatatu, na bosi, ambaye ofisini alisifika kwa ubishi, akajikuta amekubali.

Jumapili asubuhi walikutana kwenye uwanja wa saruji ambako Mama Kona hufundisha madereva. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji. Bi Tairi alianza kuzunguka polepole, akiung'ang'ania usukani kana kwamba utamtoroka.

"Ongeza."

"Mama, nitatuua!"

"Ongeza. Nimeshaandika wosia."

Akaongeza. Usukani ukawa mzito mikononi, ukazidi kuwa mzito, halafu ghafla ukalegea, kama mtu aliyekuwa akiuvuta kutoka upande wa pili ameuachia. Na gari bado lilikuwa limeshika njia. Bi Tairi akatoa ukelele. Alipokanyaga mafuta tena ndipo lilipoteleza, likajizungusha mara moja, likasimama likitazama walikotoka. Yeye alikuwa akicheka hadi machozi yakamtoka.

"Umeumia?" aliuliza Mama Kona kwa hofu.

"Usukani umelegea! Umelegea kabla hatujateleza!"

"Si ndiyo kawaida yake? Mikono yangu inajua hivyo tangu ujana. Sababu ndiyo siijui."

"Mimi naijua!" Akabandika kiganja chake kwenye kioo cha mbele. "Mpira hauachii wote kwa pamoja, mama. Nyuma ya kiganja ndiko kunakoanza kuteleza, mbele bado kumeshika. Na ile nyuma ndiyo iliyokuwa ikiurudisha usukani katikati. Ikiteleza, usukani unalegea. Hiyo ndiyo sauti ya tairi!"

Halafu akakishusha kiganja. Alikuwa amekumbuka mchoro wa uzito wa usukani alioupata miezi ya mwanzo, ambao mstari wake ulipanda vizuri kisha ukaporomoka mapema, kabla tairi halijateleza. Alidhani amekosea hesabu, akaunyoosha kwa mstari mmoja tu wa programu, akajipongeza. Tairi lake halikuzaliwa bubu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliziba mdomo.

Jumatatu aliufuta mstari ule wa programu. Bosi alikuwa tayari ameliweka tairi la zamani kwenye mashine ya pili, likingoja kurudishwa. Mama Kona akaketi. Kwenye kona iliyomshinda Ijumaa, usukani ulilegea, mikono yake ikaurudisha kidogo bila yeye kufikiri, na gari likapita likinguruma. Akaipita ya pili. Akaanza kuimba chinichini. Wachoraji, watu wa sauti, wote waliacha kazi zao na kumzunguka.

"Sasa unaonaje?" aliuliza bosi.

"Usinisemeshe. Naendesha."

Alipoinuka hatimaye, alikuwa akipangusa viganja kwenye sketi. "Sasa linaongea," alisema. "Tena ni limbeya!"

Chumba kililipuka kwa vifijo. Bosi mwenyewe alikwenda kulifuta tairi la zamani, na Mama Kona akatoa simu yake, akaanza kuwapigia wenzake wa mashindano. "Njooni maonyeshoni. Anayejiona dereva aje tukutane huko."

Wamekuja. Ukumbi wa maonyesho umefurika, na madereva wa kweli wameketi bega kwa bega mbele ya skrini, wakitaniana kama watoto.

"Mama Kona, leo utakula vumbi!"

"Vumbi lenyewe utalitimua wewe, au utakuwa mtaroni?"

Bi Tairi amesimama nyuma ya viti, mikono imekunjwa kifuani, na safari hii anatazama nyuso tu. Mara madereva wanakamata usukani. Taa nyekundu zinawaka juu ya barabara, moja baada ya nyingine. Zikizimika tu, wataondoka wote kwa pamoja, na kila tairi litakalogusa lami ile litakuwa lake. Injini zinapanda. Taa bado zinawaka.