Nilivyomshika Mkwe Shingo kwa Sababu ya Maua

Wengine wenu mlikuwa kanisani siku hiyo, kwa hivyo hata nikidanganya mtanishika. Wacha niseme tu: ni mimi, mama ya Nekesa, niliyemshika mkwe wangu shingo mbele ya madhabahu, Malaba nzima ikitazama.

Kwetu Namboboto, na hata kwa Wateso, kabila la mkwe wangu, mama mkwe na mkwe hawagusani. Salamu ni ya mbali, macho chini. Na mimi nilikuwa na sababu ya kujichunga zaidi, maana shangazi ya kijana alishasema siku ya mahari (nikiwa jikoni, nasikia kila kitu) kwamba huyu mama anacheka sana, hana heshima ya ukwe. Iliniuma. Nikajiambia siku ya harusi atanyamaza mwenyewe.

Sasa mimi hulima tyuberozi, yale maua meupe ya harufu tamu yanayonunuliwa kwa harusi na matanga hapa Busia, na adui yake ni thripsi, vidudu vyembamba vyeusi vinavyojificha ndani ya tumba na kukwaruza petali mpaka zinapata madoa ya kahawia. Dawa yake naijua, napuliza kila wiki. Lakini wiki ya harusi nikaona nikipuliza, kanisa litanuka dawa badala ya maua, na yule shangazi atapata la kusema, kwa hivyo nikaacha, nikachagua tu yale ambayo hayana madoa, nikafunga mashada, na ua la koti la bwana harusi nikalifunga mwenyewe, kubwa kama kabeji changa (si nilitaka lionekane!).

Kanisa likajaa, joto likapanda, na thripsi wakatoka. Wadudu hao wanapenda rangi nyeupe, na shati la Ekisa, huyo mkwe wangu, lilikuwa jeupe pe. Nikaona kitu cheusi kinatembea kwa kola. Halafu kingine. Ekisa akaanza kujikuna kwa adabu, baadaye bila adabu, na padri alipomuuliza kama anamkubali Nekesa awe mke wake, kijana wa watu akatikisa kichwa upande huu na upande ule kwa nguvu zote.

Kanisa likasema, "Haa!"

"Unakataa?" padri akauliza.

"Hapana, padri, ni wadudu!"

"Wadudu gani kanisani?"

Nekesa akaanza kulia. Hapo sikukumbuka ukwe wala shangazi, niliona tu harusi ya mtoto wangu inaharibiwa na vidudu vya shamba langu, nikaruka kutoka benchi ya mbele, nikang'oa lile ua, nikaingiza mkono ndani ya kola na kupangusa shingo yote, mbele na nyuma, vile unafuta mtoto uji.

"Tulia, baba, tulia," namwambia.

Akatulia. Hata akasema asante mama.

"Woi!" Ni shangazi. "Mama mkwe ameingiza mkono kwa nguo ya mkwe!"

Ekisa alisema "ndiyo" yake haraka haraka na padri akamalizia hapo. Lakini nje, sherehe ikasimama. Wazee wa pande zote wakakaa kujadili mbuzi wa kuondoa mwiko, pilau ikipoa, na mimi nikapelekwa nyuma ya jikoni nisionane na mkwe tena. Keki ya binti yangu nililetewa kwa tishu. Niliila nikilia, sitaficha.

Mbuzi alitolewa na wazee wakasema mambo yameisha. Lakini mpaka leo Ekisa akimleta Nekesa, anasimamisha pikipiki nje ya geti, anasalimia ukuta, na binti anaingia peke yake.

Nimebaki na msichana mmoja hajaolewa. Maua yake nitapuliza dawa mpaka kanisa lote likohoe, na mimi mwenyewe nitakaa benchi ya mwisho kabisa, mikono yote miwili nimeikalia.